Simba Aliyesuguliwa Akawa Mbwa

Muuza beji wa soko la Nchelenge amefariki, na hata kabla udongo wa kaburi haujakauka watu wameanza kumsugua. Namzungumzia yule mzee wa vipuri vya baiskeli, karibu na stendi ya mabasi madogo ya Mansa, ambaye pembeni ya pedali na minyororo aliweka sanduku la bati lenye beji za shaba za askari wa zamani, zile walizovaa kofiani babu zetu waliopelekwa kupigana vita vya wazungu. Moyo ulimsimama asubuhi akipanga meza. Kwenye matanga akanijia mzee wa kanisa lake, anayejua kwamba naandika safu hii, akaninong'oneza: "Mudala, muzee mwenzangu, utaandika juu yake, si vile? Basi utoe ile maneno ya hasira. Andika alikuwa mutu ya pole." Nikacheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Sasa nifanyeje, wasomaji wangu? Upole ndio kitu ambacho marehemu hakuwa nacho hata cha kuazima. Salamu aliijibu kwa mguno, na mteja aliyeuliza bei bila kununua alirudi kwake ameshasomewa ukoo wake wote. Alivuka ziwa kutoka Congo wakati ule watu walipokuwa wakishuka mitumbwini na kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Kenani. Wenzake walibeba magodoro na masufuria, yeye akabeba lile sanduku, na mkewe hakumsemesha mpaka walipopewa hema. Beji zenyewe zilikuwa nyeusinyeusi, na ole wako uziguse kwa kitambaa chenye maji. Ule weusi aliuita ngozi. Wanunuzi wake, watu wa mbali wanaokusanya vitu vya kale, hawakutafuta mng'aro. Walitafuta hiyo ngozi, kwa sababu shaba huchukua miaka mingi kuiotesha, na ukishaikwangua umekwangua na alama ndogondogo zinazoonyesha kwamba kitu ni cha kweli. Vumbi alilipangusa kwa kipande cha kitenge kikavu, akaishia hapo.

Lakini nenda ukawaambie hivyo akina mama wa kijiji cha Kabuta. Huku kwetu sufuria husuguliwa kwa mchanga wa ziwa hadi ujione meno, na mwenye chombo cheusi mlangoni ataimbwa na majirani. Kizuri chajiuza, nasi tunaamini kizuri ni kile kinachong'aa. Kwa hiyo mama mmoja wa huko alipotaka kuuza beji ya babu yake, yenye sura ya simba, apate wavu mpya, aliifanyia heshima zote: majivu, limao, mchanga. Nilikuwepo alipoifungua mezani. Ilimetameta. Marehemu akaigeuza kwenye mwanga, kisha akasema, "Mama, huyu alikuwa simba. Sasa ni imbwa." Kweli, manyoya yote ya shingoni yalikuwa yamefutika. Yule mama hakutetereka. "Hata kama ni imbwa," akajibu, "ni imbwa ya safi."

Mzee alipiga kelele mpaka wauza samaki wakaacha kupima. Hata hivyo akaichukua, na mnunuzi alipokuja akamwambia wazi kwamba imesuguliwa, wakati mgeni yule asingejua. Mama akapata bei ya uzi wa kushonea wavu, si ya wavu wenyewe, akamkasirikia: "Ungenyamaza tu!" Naye akamjibu kwamba ulimi wake haujui kunyamaza, si kwa mama, si kwa mnunuzi. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Kelele ile na ukweli ule vilitoka mdomo mmoja, na sijui ungevitenganisha vipi.

Nasi siku hizi tunapenda kusafisha. Hata wale waliofika Kenani walijifunza haraka kusimulia safari zao kwa ufupi, bila matope, ili mwenye kalamu anayewaandikisha asichoke. Nawaelewa. Lakini mtu si sufuria. Ukimwondolea marehemu makosa yake yote unamwondolea na sura, kisha unabaki na mtu mwema asiyefanana na yeyote, anayeweza kuzikwa na familia yoyote. Mzee wa kanisa ana nia njema, kama mama wa Kabuta alivyokuwa nayo, na ndiyo maana nilishindwa kumkatalia usoni.

Jana nikaenda kumwona mjane. Nilimkuta akichambua chisense, dagaa wa ziwa letu, nikamweleza nilichoombwa na kwamba neno la mwisho ni lake. Hakuacha kuchambua.

"Ule mutu ya pole, mi simujui," akasema. "Miye nilikuwa na bwana ya kelele. Ukimusugua, nitamulilia nani?"