Jina la Aliyekaa Benchini

Siku yangu ya kwanza ya upelelezi katika kituo cha Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mkuu wetu alinikabidhi kalamu kabla ya pingu. "Anza na jina, Athmani," akaniambia. "Ukikosea jina, unatafuta upepo." Nilicheka moyoni. Mimi mzaliwa wa Mambrui, nikosee majina ya watu wa huku?

Ninyi vijana mna mashine za kuwakumbukia. Sisi tulikuwa na kitabu cha matukio, ambamo kila ripoti iliandikwa kwa saa yake, na faili la kila kesi. Faili likikwama tuliandika "lisubiri", nalo likaenda kabatini kuliwa na mchwa.

Miaka michache baadaye Land Rova yetu ilipinduka tukirudi kutoka Marereni, nikagonga kichwa. Nilipotoka hospitali, miaka mitatu ilikuwa imenifutika. Harusi ya dada yangu, ambako nasikia nilicheza mpaka kikoi kikanivuka, siikumbuki hadi leo. Niliogopa sana kufukuzwa kazi. Mkuu mpya, inspekta mpole kutoka bara, akanifungulia kabati lile. "Kwa kuwa umesahau," akasema, "soma kama mgeni."

Faili la tatu lilimhusu kijana wa Jilore, kibarua wa chumvi, aliyepotea baada ya kugombana na babake. Ripoti aliileta baba mwenyewe. Mwandiko ulikuwa wangu, lakini sikukumbuka hata neno moja. Nikamwita yule mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Leo wanisalimu kama hunijui? Kila mwezi naja hapa."

Nikamweleza habari za kichwa changu, kwa haya. Akanipa pole, akakaa benchini. "Basi tuanze upya. Mimi ni Kazungu Karisa. Mwanangu ni Karisa Kazungu. Nilimpa jina la babangu, kama ilivyo desturi yetu Wagiriama. Nilimfukuza kwa hasira. Sitaki kufa kabla sijamwomba radhi."

Nikafunua nakala ya ujumbe wa redio niliotuma vituoni. Anatafutwa: Kazungu Karisa. Nilikuwa nimemtafuta mleta ripoti! Chini yake palikuwa na jibu la Kaloleni: "Huyo hatumjui. Yupo mgema kijana wa Jilore, Karisa Kazungu." Na pembeni, kwa wino wangu: "Siye."

Ningeweza kuichomoa karatasi ile, na kazi yangu ikasalimika. Lakini mzee alikuwa bado amekaa pale akinitazama. Nikaipeleka kwa inspekta.

Akaisoma mara mbili. "Ungekuwa unakumbuka, ungeliona kosa hili?"

"La, afande. Ningejiamini, nikapita."

Akatupatia gari, mimi na mzee, siku hiyo hiyo.

Kaloleni tulimkuta Karisa juu ya mnazi. Babake akasimama chini, akamwita mara moja tu. Kijana akashuka polepole, kibuyu kiunoni. Mzee ndiye aliyelia kwanza, kisha mimi.

Nimestaafu nikiwa sajini, na nimeridhika. Mengi yamenitoka kichwani, ila ile asubuhi nilipoitwa Jilore kumjazia Karisa fomu ya kuzaliwa kwa mwanawe wa kwanza, hiyo ninayo.

"Jina la mtoto?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Kazungu Karisa, kama babu yake."

Nikamwuliza tena, nikaandika herufi moja moja. Mzee alikuwa amempakata mjukuu wake, akaangua kicheko.

"Haya, afande. Yule uliyekuwa ukimtafuta, huyu hapa."