Mwanamke Mwenye Mwiko

Kasyoka hajawahi kunikosea. Naanza na hilo ili usijisumbue kutafuta kosa lake, maana mimi nimelitafuta miaka saba nikalikosa. Alikuwa mpishi wa uji katika mradi wetu wa watoto pale Kangemi, mjane kutoka Machakos, mwenye miguu ya kuvimba na kicheko cha kusikika hadi sokoni. Mimi ni mshauri wa watoto. Nina diploma, nina ofisi, na mlangoni pameandikwa Mwalimu Philister. Ila mtoto akichapwa nyumbani, au jino likimng'oka, aliupita mlango huo mbio akielekea jikoni, akimwita Kasyoka kama bibi yake. "Shosho!"

Niliona wivu, sitaupaka rangi. Nilinunua peremende nikaziweka mezani kwangu. Wakaja, wakachukua, wakaenda kuzila jikoni.

Basi wafadhili wakaandika barua. Mradi ufanyiwe tathmini, na baada ya hapo pesa zitatosha kumweka mmoja tu, mshauri au mpishi, kulingana na nani anawafaa watoto zaidi. Mimi nimepanga nyumba Kinoo, na mwenye nyumba wangu hana subira. Bwana Mwaura, mkurugenzi wetu, akaniweka kwenye jopo la kumwajiri mtathmini. Alisema mimi ndiye ninayewajua watoto.

Tukawasaili wawili katika ofisi ya mjini. Wa kwanza, Mzee Kihara, alikuja na suti ya kahawia akaahidi kusoma mafaili yote, ukurasa kwa ukurasa. Wa pili alikuwa Wangeci, msichana wa raba nyeupe. "Mimi nitauliza watoto wenyewe," akasema. "Kila mtu achore mtu anakimbilia akiwa na shida."

"Huyo mzee ameiva," Mwaura akaninong'oneza.

"Mafaili ni karatasi tu, bosi. Watoto hawadanganyi."

Mafaili yale yana sahihi yangu kila ukurasa, na jina la Kasyoka halimo hata mara moja; mzee angeniokoa bila jasho. Lakini nilitaka watoto wanitaje mimi, na yeye awepo asikie. Nilibishana mpaka chai ikapoa, nikashinda. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama nikagonga kichwa kwenye kitanda.

Wangeci alikuja Jumanne na kalamu za rangi, na watoto thelathini na wawili wakachora. Kisha akanipa bahasha ya picha. "Mwalimu, wewe unawajua. Niandikie tu hapo chini kila mmoja amechora nani. Nacheza na hawa wadogo kidogo."

Nikajifungia ofisini. Picha ya kwanza ilikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba, ameshika mwiko. Ya pili, mwiko. Ya tatu, mwiko mrefu kumshinda mwenyewe. Saba walichora mama zao, mmoja akachora mbwa. Ishirini na wanne walichora mwiko. Nilijitafuta kila karatasi. Nilichopata ni mlango wangu katika picha moja, nyuma ya bega la Kasyoka, na ulikuwa umefungwa.

Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya kila mwiko: Mwalimu Philister. Mara ishirini na nne.

Jioni Wangeci akazipitia, akasita kwenye moja. "Mwalimu, hapa umeshika nini?"

"Rula."

"Na hii inatoa moshi?"

Nikaanza kukusanya kalamu za rangi. Kasyoka alikuwa anapita na ndoo, naye Wangeci akamwonyesha picha. "Shosho, huyu ni nani?"

Kasyoka akaitazama picha, akasoma jina polepole, akazipitia kwa macho na zile nyingine, kisha akanitazama mimi. "Si ni Mwalimu. Miguu ikiniuma, yeye ndiyo hukoroga uji. Watoto wanampenda sana huyu."

Mwiko ule sijawahi kuushika hata siku moja. Wangeci akaandika alichoambiwa.

Mwezi uliofuata Kasyoka akapewa barua ya kuachishwa kazi. Nikamfuata langoni, sufuria yake iko kichwani, nikamuuliza kwa nini alisema vile. Nilitamani anitukane.

"Uliandika jina yako mara mingi hivyo, Mwalimu," akasema. "Nikaona wewe ndiyo uko na shida."

Siku hizi anauza uji ng'ambo ya kichochoro. Mlango wangu hushinda wazi kutwa, nimeuwekea jiwe usijifunge. Saa nne kengele ikilia, watoto hupita mbele yake kama zamani, wakatoka langoni. Nami husimama dirishani nikiwahesabu wanaokumbatiwa. Nilidhani akiondoka wivu utaondoka naye. Haukuondoka.

Mwaka huu wafadhili wanataka tathmini nyingine. Mzee Kihara ameomba kazi, na Wangeci ameomba tena. Jana, kwenye jopo, Bwana Mwaura aliniuliza mimi ningemchukua nani.

"Mzee," nikasema. "Watoto wasisumbuliwe."