Niliuza Kona Aliyolala Daudi

Jamani, nimekosa! Padri wetu anaijua sauti yangu, nimeshindwa kumwambia. Nawaambia nyie msionijua.

Baba alituachia shamba pembeni ya Mpanda mjini, mimi na mdogo wangu Spesioza. Kwenye kona ya shamba hilo Spesioza alimzika mtoto wake wa kwanza, Daudi. Homa ilimchukua kabla hajajua kutembea. Baadaye Spesioza akaolewa kijiji cha Kasekese, mimi nikabaki na mama.

Mji ukatufuata. Barabara ikachongwa, nguzo za umeme zikasimama, madalali wakawa hawakauki mlangoni. Akaja bwana mmoja kutoka Dar, anataka kujenga gesti.

"Humu hakuna kaburi?" akaniuliza.

"Hakuna, bosi. Ni mahindi tu."

Mungu wangu! Wala sikubabaika. Msalaba wa mbao nilishaung'oa asubuhi ile, nikauchanganya na kuni za jikoni. Nilijiambia Spesioza ana watoto wengine. Kwa pesa hiyo nitajenga vyumba vya kupangisha, nitampa na yeye kimoja, atanishukuru.

Nikaiuza kona ile, Spesioza sikumwambia kitu.

Siku moja, mafundi wa gesti wameshaanza kuchimba, Spesioza alikuja na bodaboda, kajembe mkononi, amekuja kupalilia kaburi. Jirani akanipigia simu. Nilimkuta amesimama ukingoni mwa shimo la choo.

"Kaka, Daudi yuko wapi?"

 Fundi, mtu wa watu asiyejua chochote, ndiye aliyejibu: "Udongo wa hapa ulibebwa na tipa, mama. Ulienda kufukia mashimo barabarani."

Hakupiga kelele. Heri angenipiga! Alipiga magoti, akaanza kuzoa udongo uliobaki ukingoni, anautia kwenye kitenge chake. Nikainama nimsaidie. Akausukuma mkono wangu.

Vyumba nimejenga, wapangaji wamejaa. Watu wananipongeza, eti nimeona mbali. Mama amehamia kwa Spesioza, na chakula nikimpelekea anawapa majirani.

Nilienda Kasekese kuomba radhi. Spesioza alinitolea kiti, akasema, "Karibu, mzee," kama anavyomkaribisha mpita njia. Kisha akarudi kuanika mihogo yake. Nilikaa mpaka nikaona haya, nikaondoka.

Nyie mnaokimbilia kuuza kwa kuwa mji unapanda, ulizeni kwanza nani amelala pale, na ni wa nani. Kiwanja kingine utapata, hata kama ni mbali na lami. Mdogo wako akishaacha kukuita kaka, hakuna dalali wa kukutafutia mwingine!