Bwawa Jekundu la Shangazi

Shangazi yangu, dada yake baba, alifanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi kwa miaka thelathini, na wenzake walimwita Mama Kulikoni. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wakitua bwawa la tatu kisha wakahamia la nne, kulikoni? Povu likikusanyika kona moja tu, kulikoni? Mama yangu, wifi yake na mtani wake wa kila siku, alikuwa akimwambia, "Wifi, wewe hata siku ya kuzikwa utamuuliza mchimba kaburi kwa nini shimo halikuwa la duara."

Mahali penyewe palikuwa tambarare kama kiganja. Upande huu bahari, upande ule mikoko, na katikati mabwawa kumi na mawili yaliyotenganishwa kwa kuta za udongo. Bahari ilipojaa sana walifungua mlango wa mbao wa bwawa la kwanza, maji yakaingia, jua nalo likaanza kuyanywa. Kadiri yalivyozidi kukolea ndivyo yalivyosogezwa bwawa hadi bwawa, mpaka yale ya mwisho, ambako chumvi iliganda chini ikakokotwa kwa reki. Shangazi aliyapima kwa yai bichi. Yai likizama, bado. Likielea na kuonyesha kipara kidogo juu ya maji, basi.

Lililomkosesha raha lilikuwa rangi. Kila kiangazi kikirefuka, maji ya mabwawa ya mwisho yalianza kuwa ya waridi, halafu yakakaza wekundu. Msimamizi wa zamani hakutaka kusikia habari hiyo. Akiona tu dalili, aliamuru yachanganywe na maji mapya. Kwa hiyo hakuna aliyejua mwisho wake. Swali hilo shangazi alikaa nalo miaka kumi na tisa.

Kisha akaja msimamizi mwingine, mtu wa makamo, kutoka kiwanda cha sabuni cha bara. Mpole, ila aliogopa lawama kama paka anavyoogopa maji. Asubuhi moja alisimama ukutani mwa bwawa la kumi na moja, mikono kichwani.

"Nani kamwaga rangi humu?"

"Hakuna aliyemwaga, bosi," shangazi akajibu. "Inakuja yenyewe."

"Inatoka wapi?"

"Ndilo hilo hata mimi nataka kulijua."

Msimamizi akaagiza yote yamwagwe. Shangazi akamfuata mpaka mlangoni mwa ofisi, mabuti yake ya mpira yakimwaga matope sakafuni.

"Niachie moja tu. Lile dogo la pembeni. Nipe wiki mbili."

"Likiharibika, mama, nani atajibu?"

"Nitajibu mimi. Waambie mwanamke mmoja kichwa ngumu alikushinda."

Msimamizi akacheka bila kupenda, akakubali.

Shangazi akachukua fito mbili, akazikata alama kwa kisu, upana wa kidole kwa kidole. Moja aliisimika kwenye bwawa dogo jekundu, nyingine kwenye jirani yake lenye maji maangavu ya kina kilekile, yai likielea sawasawa kote. Kila adhuhuri aliingia, akasoma alama, akatumbukiza mkono huku na huku. Siku ya tatu alirudi nyumbani akamwambia mama, "Wifi, lile jekundu lina joto zaidi. Nimejaribu mara nne."

"Na vidole vyako vimekuwa vyekundu?"

"Wapi! Vyeupe kama vya maiti."

"Basi usiviweke karibu na unga wangu."

Siku ya sita mawingu yalitanda, na shangazi hakugusa chakula. Mvua moja ingevuruga kila kitu. Yakadondoka matone machache, vumbi likanukia, upepo ukayapeleka mawingu kwingine. Siku ya kumi, maji ya bwawa jekundu yalikuwa yameshuka vidole viwili zaidi ya jirani yake, na chumvi ilikuwa imeanza kuganda.

Walipoikokota ilikuwa na rangi ya waridi. Msimamizi akafumba macho. Shangazi aliisuuza kwa maji ya chumvi kutoka bwawa la jirani, wekundu ukachuruzika kupitia matundu ya kapu, ikabaki nyeupe. Msimamizi akaonja punje moja, kisha nyingine.

"Imewahi kuliko zote," akasema. "Imekuwaje?"

"Nadhani ni kama nguo. Anika nyeusi na nyeupe juani, halafu uziguse. Maji yenye rangi yanashika jua. Lakini rangi yenyewe ni nini, sijui."

Msimamizi akaenda kuleta lenzi aliyosomea maandishi madogo. Wakachota maji mekundu kwenye bilauri, wakatazama kwa zamu. Hawakuona kitu. Wakachota bwawa la katikati, lisilo kali sana, na hapo shangazi akapiga ukelele: vijidudu kama nyuzi vilikuwa vikiogelea chali, vikipiga makasia kwa miguu isiyohesabika. Ndicho walichokuwa wakila wale heroe, na yeye alikuwa akivikanyaga kila siku.

Chupa ya maji mekundu ilipelekwa kwa mwalimu wa sayansi mjini, mwenye hadubini. Jibu likaja kwa barua: wekundu ule ni viumbe hai, wadogo mno kwa lenzi ya kawaida, wanaopenda chumvi ambayo ingeua karibu kila kitu kingine. Shangazi aliisoma barua hiyo akiwa amesimama jikoni, akaisoma tena, akamsomea na mama. Mama, ambaye alikuwa ameshika mwiko, safari hii hakutania.

"Wanaishi humo?" akauliza. "Na ukali wote ule?"

"Wanaishi, wifi."

Kiangazi kilichofuata msimamizi aliacha mabwawa yote ya mwisho yawe mekundu, akamkabidhi shangazi milango ya maji yote kumi na miwili. Na Jumamosi moja mama alivaa mabuti ya kuazima, akaenda naye kutazama.