Makaburi Tisa ya Honorine

Honorine hakuwa mtu wa kupendwa kirahisi, wala hakujisumbua kupendwa. Pale Minto, pembezoni mwa Sydney, Wakongo wenzake walimsalimu kwa adabu na kupita haraka, maana ukisimama naye dakika mbili atakuambia ukweli ambao hukuuomba. Mchana alifungasha maagizo kwenye ghala la vipuri vya magari. Akirudi, alijifungia gerejini. Humo, juu ya mlango wa mbao alioukuta barabarani siku watu wanapotoa makorokoro yao ili yachukuliwe, alikuwa amejenga mfano mdogo wa stesheni ya treni ya mlimani, ya huko Japani. Japani kwenyewe hajawahi kufika.

Jambo lenyewe lilianza miaka sita iliyopita, alipokuwa bado anasafisha ukumbi mmoja wa Campbelltown mwisho wa wiki. Siku hiyo chama cha wapenzi wa treni za mfano kilikuwa na maonyesho yake. Honorine alipita na ndoo yake mbele ya treni za Waingereza na za Waaustralia bila kugeuza shingo. Akafika kwenye meza ya Japani, akasimama. Mtu mzima pale hakuzidi urefu wa punje mbili za mchele. Magodoro yalikuwa yameanikwa kwenye ukingo wa roshani. Baiskeli kumi na moja zilipangwa nje ya stesheni, na moja imeanguka. Paka alilala juu ya ukuta. Nguzo za umeme zilikuwa na nyaya zake zote, nyembamba kuliko unywele, zinazoingia kila nyumba.

Mwenye meza, mzee mmoja anayeitwa Clifford, mwenye ndevu nyeupe na roho ya kisirani, alimwambia mapipa ya taka yako kule mlangoni.

"Mapipa najua yako wapi," Honorine alimjibu kwa Kiingereza chake cha kukwaruza. "Mimi nauliza hili paa, kwa nini limelowa?"

Paa halikuwa limelowa. Clifford alikuwa amelipaka vanishi upande mmoja tu, lionekane kama mvua imekatika sasa hivi, na kwa miaka miwili ya kulitembeza kwenye maonyesho hakuna mtu aliyeligundua. Mzee akaishusha kamba iliyowazuia watazamaji, akamwingiza ndani. Hawakupata kuwa marafiki, wote wawili hawakuwa na kipaji hicho, lakini tangu siku hiyo Honorine hakukosa maonyesho hata moja. Kilichomshika ni kwamba mtu mzima alikuwa ameketi miezi na miezi akiwatengenezea watu wasiokuwepo baiskeli iliyoanguka. Alipenda hivyo, akapenda kwa wivu, akataka na yeye aweze.

Akaanza kujifunza kwa video za Wajapani, ambazo hakuelewa neno hata moja. Majani ya chai yaliyokaushwa yakawa udongo. Sifongo ya godoro kuukuu, iliyokatwakatwa na kutiwa rangi, ikawa miti. Mashamba ya mpunga aliyamwagia vanishi tabaka kwa tabaka hadi yakaonyesha mawingu. Nyuma ya hekalu dogo akaweka makaburi, kama alivyoyaona kwa Clifford: mawe tisa ya plastiki ya kijivu, na bibi kizee aliyeshika upawa akilimwagia maji jiwe moja. Bibi wa kwenye meza ya Clifford hakumtia maanani mara ya kwanza. Alimwona vizuri baada ya mumewe, Bruno, kufariki. Alipomuuliza Clifford, aliambiwa kwamba kule watu huenda kuyaosha makaburi ya wazee wao. Jumapili iliyofuata Honorine alibeba ndoo na kitambaa, akapanda treni kwenda makaburini, akaliosha jiwe la Bruno. Hakuacha tena.

Mwezi wa saba mwaka huu, Clifford, ambaye hajawahi kumsifia mtu, alikuja gerejini, akazunguka ule mlango mara tatu mikono ikiwa mgongoni, akasema, "Ulete Jumamosi ya wiki ijayo. Nimekuwekea meza." Honorine alimfungia geti bila kusema asante, halafu akaingia ndani akalia.

Jumatatu ya wiki yenyewe ikaja habari kutoka Uvira, kwao Kongo, kwamba Baba Mkubwa Venant amefariki. Alikuwa mzee wa ukoo wa kina Bruno. Aliyepiga simu ni Lazare, mdogo wake Bruno, anayeishi Merrylands na ambaye tangu kaka yake afe amejiteua kuwa kichwa cha familia. Hakuomba. Alisema kilio kitawekwa kwa Honorine, kwa sababu yeye anakaa ghorofani na majirani zake huita polisi mtu akikohoa. Mjane hawezi kukataa kilio cha ukweni, na Honorine hakukataa.

"Nyumba yote muchukue," alisema. "Garage, hapana."

"Shemeji, sisi tuko na msiba, wewe unatuambia mambo ya garage?"

"Nimesema hapana. Usiniulize tena."

Viti vikatolewa sebuleni, mikeka ikatandikwa, picha ya mzee ikawekwa ukutani na mshumaa mbele yake. Wanawake walikaa chini, wanaume nje. Alhamisi upepo wa baridi ulivuma tangu asubuhi, na wanaume walipochoka kutetemeka, Lazare alimwita Déborah, binti wa Honorine wa miaka kumi na tisa, akamwomba ufunguo. Déborah akampa. Mkubwa ameomba, angefanyaje?

Honorine alirudi kutoka kazini akakuta gereji wazi. Wanaume kama kumi walikuwa wameuzunguka mlango wenye stesheni yake. Lazare alikuwa na mawe manne kwenye kiganja.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Ni plastiki. Rudisha mahali ulipoitoa."

"Hii ni makaburi." Lazare aliinua sauti ili na wa sebuleni wasikie. "Nimehesabu. Iko tisa. Tangu tufike hii Australia, kule nyumbani tumezika watu wangapi? Nane. Na Baba Mkubwa, tisa. Ulijenga hii makaburi lini?"

"Mwezi wa tano."

"Munasikia? Mwezi wa tano! Na mzee alianza kuugua mwezi wa sita."

"Ni tisa kwa sababu plastiki iliishia hapo!"

Hakuna aliyemsikiliza. Neno lenyewe Lazare hakulitamka, na hakukuwa na haja. Honorine alijua ukishabandikwa neno hilo, chakula chako hakiliwi, watoto wanavutwa mkono wasipite kwako, na binti yako atachumbiwa na nani? Huwezi kwenda kulishtaki mahali popote. Wazungu watakucheka, na wenzako hawatacheka hata kidogo.

Hapo Emérance, anayeongoza maombi ya akina mama, akatokea mlangoni amejifunga kitenge kiunoni.

"Mimi nilimuona," alisema. "Kwa haya macho yangu. Kule makaburini, na ndoo, anamwagia maji kaburi ya Bruno. Anasemasema peke yake."

Watu wakaguna. Lazare alipata sura ya mtu aliyeshinda kesi. Honorine alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, ile hasira yake ambayo kwa kawaida humharibia mambo, lakini safari hii ilikuja na akili.

"Emérance, wewe ulikuwa unafanya nini kule?"

"Mimi? Nilikuwa kwa mtoto wangu. Unajua."

"Unaenda mara ngapi?"

"Kila wiki."

"Miaka mingapi?"

"Tano."

"Kwa hiyo miaka tano, kila wiki. Ulishamuona Lazare kule kwa kaka yake?"

Emérance hakumpenda Honorine na hakuwa na sababu ya kumsaidia. Lakini kusema uongo juu ya mahali anapomlilia mtoto wake kulimshinda.

"Hapana," alisema. "Lazare sijamuona."

Honorine akamgeukia shemeji yake. "Bon. Kichwa ya familia. Siku ya kumzika ulilia kushinda mimi mke wake, wakakushika watu wawili. Uniambie kaburi ya kaka yako iko upande gani. Uniambie amelala karibu na nani, jiwe lake liko na rangi gani. Ukinijibu, nitavunja hii yote na mikono yangu, sasa hivi, munatazama wote."

Alimaanisha. Miaka minne ya kazi, na meza ya Jumamosi, aliviweka vyote hapo mbele ya mdomo wa Lazare, na kila mtu alielewa. Lazare akatazama wenzake.

"Iko kule... kule kwa miti."

"Kule kote ni miti."

Mwanaume mmoja akakohoa akatoka nje. Lazare aliyatupa yale mawe manne sakafuni.

"Kilio haiwezi kukaa nyumba moja na hii kitu. Uvunje, ao tunahama."

"Muhame."

Msiba kufukuzwa nyumbani! Hakuna aliyewahi kulisikia jambo hilo, si Uvira wala Sydney. Wanawake walikunja mikeka. Sufuria ya maharage ilibebwa nusu mbichi hadi kwenye gari. Emérance alizima mshumaa, akaitoa picha ya mzee ukutani, akapita mbele ya Honorine bila kumtazama. Lazare alitoka wa mwisho.

"Siku yako ikifika," alisema, "hakuna mutu atakaa chini kwa ajili yako."

"Mutabaki na magoti mazima," Honorine alimjibu, akavuta mlango wa gereji.

Alipiga magoti yake mwenyewe kwenye saruji, akayatafuta mawe mpaka akayapata yote manne, akayabandika upya. Moja lilikaa upande, akaliacha. Kabla hajamaliza, simu ilimwonyesha kwamba ameondolewa kwenye kundi la familia.

Déborah alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

"You could've just taken them out, Mum. One week. That's all."

Ilikuwa kweli, na Honorine alikuwa ameshaliwaza hilo kabla yake. Mawe tisa, dakika tano, yangeingia kwenye kopo la kahawa. "Nikiyatoa, nimekubali kwamba ni kweli," alisema.

"Everyone's gonna talk about us."

"Wameshaanza. Na ufunguo uliutoa wewe."

Halikuwa neno la kumwambia mtoto, na alijua hivyo lilipokuwa bado mdomoni. Déborah alimtazama kwa chuki, kisha akasema hatabeba huo upuuzi Jumamosi, atafute mtu mwingine. Mtu mwingine hakuwepo. Ulimwengu wote wa Honorine ulikuwa kwenye kundi alilofutwa. Clifford alikuwa na goti bovu, na ule mlango hauinuki bila watu wawili.

Ijumaa mama na mwana hawakusemeshana. Jumamosi asubuhi gari la kuazima la kazini lilikuwa limesimama nje, nyuma wazi. Honorine alisukuma, akavuta, akajaribu kuukalisha mlango kwenye kigari cha mizigo, miti mitatu ya sifongo ikaanguka. Alitukana kwa Kifaransa, kisha kwa Kifuliru cha mama yake. Aliposimama kupumua, Déborah alikuwa upande wa pili, koti juu ya nguo za kulalia, macho mekundu.

"Sijakuomba," Honorine alisema.

"I know."

Wakainua kwa pamoja. Walifika katikati ya njia ya gari, mama akitembea kinyumenyume, ndipo Déborah akasimama ghafla. Kiswahili chake hutoka mara chache, na hutoka kwa shida.

"Mama. Ile swali uliulizaka uncle. Mimi pia, sikukuwa na jibu. Kaburi ya papa. Sijue iko wapi."

Honorine alikuwa na mikono yote miwili chini ya ule mlango. Hakuweza kumfuta machozi wala kumpiga kofi, na kwa muda hakujua alitaka lipi kati ya hayo mawili.

"Tukitoka ukumbini nitakuonyesha," alisema. "Sasa inua upande wako, mwanangu, usiinamishe."