Mkono Uliovunjika kwenye Paji Langu

Rafiki yangu Mkenya aliporwa simu na pochi kwenye kituo cha petroli karibu na uwanja wa ndege, mchana kweupe, watu wakipita. Hapo ndipo alipoanza mambo yake ya ngumi tupu. Sisi wengine tulidhani atanunua bastola, maana hapa Texas hivyo ndivyo afanyavyo kila aliyetishwa. Yeye akaenda kuchimbua mtandaoni maandishi ya zamani ya mabondia wa Uingereza, wale waliopigana kabla ya glavu, kisha akawa anatuita Jumamosi kwenye maegesho ya fleti zao kule Euless atufundishe.

"Watu hapa wako na bunduki, weye unatuletea ngumi?" nilimtania.

"Bunduki unaweza kuisahau kwa gari, ndugu yangu. Hii unatembea nayo."

Mimi ni mtu wa Bukavu, na nyumba yangu ilikuwa Haltom City. Tulijuana naye kwenye ghala la mizigo. Mimi nilibaki hapo hapo ghalani, yeye akaondoka kusomea uuguzi, huku akihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Alikuwa anakuja kula kwetu bila kuarifu, anafungua sufuria mwenyewe. Nilimpenda yule bwana, sioni haya kulisema.

Alitufundisha kusimama wima, kifua nyuma kidogo, kidole gumba juu. Alisema watu wanadhani glavu zililetwa kulinda uso, kumbe zinalinda mkono. Mwenye glavu anaweza kukugonga kichwa jioni nzima, lakini mwenye mkono mtupu akigonga fuvu amejiumiza mwenyewe, na mikono ndiyo mtaji wake. Ndiyo maana wale wa zamani walilenga mbavu, tumbo na taya. Na ukibanwa huna pa kukimbilia, alisema, inamisha kidevu, mwache mwenzako akutane na sehemu ngumu ya paji. Enzi hizo kugonga kwa kichwa nako kulikuwepo, kwa hiyo tulijifunza na dawa yake: mtu akija kichwa mbele, unarudi hatua na kumpiga ngumi fupi. Hilo tulilirudiarudia mpaka mwili ukalishika wenyewe, bila kutuuliza.

Sasa, sisi wanaume wa Kongo tukipendana tunasalimiana kwa vichwa. Unagusa upande mmoja, upande wa pili, halafu paji kwa paji. Mara ya kwanza rafiki yangu alicheka sana, akasema tunafanana na mbuzi. Baadaye akawa ndiye anayeleta kichwa kabla yangu, hata mbele ya mchungaji.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nje ya duka la vyakula vya Kiafrika. Alikuwa ameinama anapanga mifuko ya unga kwenye buti ya gari. Nilimjia kwa ubavuni, sikumwita, kwa furaha tu nikampelekea kichwa. Akageuka kwa kushtuka. Nilichokiona ni ngumi, na mwili wangu ukafanya alichoufundisha, kidevu chini. Mafunzo yake yote mawili yalifaulu kwa pamoja. Nilisikia kitu kikivunjika, nikadhani ni mimi.

Kilikuwa kiganja chake, ule mfupa unaoshika kidole cha mwisho. Alikaa chini kwenye lami akisema pole, pole, pole, sijui alikuwa ananiambia mimi au mkono wake. Watu wakampeleka hospitali. Mimi nikaondoka na nundu na hasira.

Kwa plasta ngumu aliyofungwa mkononi hakuweza kumgeuza mzee kitandani wala kushika sindano, na muhula wa mafunzo ya hospitalini ulikuwa ndio unaanza. Ulianza bila yeye. Nilijua hayo yote, watu waliniambia.

"Wende umuone mugonjwa," mke wangu akasema.

"Mugonjwa ni miye," nikamwonyesha nundu. "Ule alinipiga ndiye atakuya."

Kwetu aliyekosa ndiye anayekuja. Anakuja na mtu mzima wa kumsindikiza, anaketi, anasema, mnakunywa soda, yanaisha. Nami nikangoja niletewe hayo. Kanisani, habari ikageuka kichekesho: kichwa cha Mkongomani kimemvunja Mkenya. Ningeweza kukizima kwa neno moja. Badala yake nilikuwa nainama ili watoto wa watu waguse paji langu, nami nacheka kuliko wote. Najichukia ninapokumbuka kicheko kile.

Jumamosi za Euless zikafa. Miezi ikapita, nikasikia amehamia Houston. Hakuniaga.

Miaka imekwenda. Juzi nilikuwa Houston kwa harusi ya mpwa wangu, nikaulizia, nikaelekezwa nyumba yake Pearland. Alifungua mlango akiwa bado na nguo za kazi. Alifuzu, kwa kuchelewa, na sasa ni muuguzi kwenye hospitali kubwa. Nilisita pale kizingitini, sikujua nimpelekee kichwa au mkono. Akanipa mkono, akanikaribisha, akapika chai mwenyewe. Aliposhika kikombe, kidole cha mwisho kilibaki kimenyooka, hakikunjiki.

"Nilikungoja," akasema, bila hasira. "Kila gari ikipark pale chini nachungulia dirishani. Nikasema huyu atakuja tu, mgonjwa si huendewa? Ningeomba msamaha hapo hapo kitandani."

"Na miye nilikungojaka weye."

"Nilisikia mnacheka."

Alikuwa mkosaji na mgonjwa kwa wakati mmoja. Adabu moja ilimtaka yeye aje, nyingine ilinitaka mimi niende, na kila mmoja akashika ile iliyomruhusu kubaki amekaa. Yake angalau ilikuwa na plasta.

"Unisamehe," nikasema.

"Ah, hiyo iliisha kitambo, ndugu." Alilisema kwa upole, sauti ile ambayo bila shaka huwatulizia wagonjwa asiowajua. Tukaongea kidogo habari za joto na bei za nyumba. Nikainuka kabla chai haijaisha, naye hakunizuia.

Nilikuwa nafunga kamba za viatu mlangoni bintiye aliposhuka ngazi, akamuuliza kwa Kiingereza huyu mgeni ni nani. Rafiki yangu alitafuta neno. Kisha akamjibu kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie, labda kwa mazoea tu:

"Ni mtu mmoja tulijuana huko Euless."