Sombe Iliyotwangwa kwa Jirani

Kitabu cha historia nilichopewa na shule kilikuwa na kurasa tele juu ya vita vya Wazungu, na juu ya vita vyetu kilikuwa na nusu ukurasa. Nusu! Niliisoma nikiwa nimesimama, nikafunga kitabu kwa hasira. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho hapa Kasongo walizaliwa watu wakiwa wamekwisha kurudi kutoka porini. Hata hivyo wamekulia katika nyumba ambamo mtu akitaja miaka ile, mwingine huinuka kwenda kutazama kama mlango umefungwa. Singeweza kusimama mbele yao na nusu ukurasa.

Kwanza nilifanya kama walimu wote wafanyavyo, nikatafuta fotokopi. Niliambiwa kuna mwalimu mwenzangu huko Kabambare mwenye karatasi nzuri, nikapanda pikipiki. Kwa matope yale, mara nyingi mimi na dereva ndio tulioibeba pikipiki. Karatasi zenyewe zilikuwa ramani zilizofifia, zimejaa mishale ya kuonyesha jeshi gani lilitoka wapi likaenda wapi. Nilizitazama sana. Watu waliokimbia hawakuwa na mshale hata mmoja. Nilimshukuru mwenzangu kwa adabu, kwa kuwa alikuwa amenipikia kuku.

Wakati wa kurudi tulipumzika njiani, Wamaza, na hapo nikajiona mjanja. Kwa nini nisiwaulize watu wenyewe? Nikaketi mbele ya duka, nikatoa kalamu na karatasi, nikamwita mama mmoja aliyekuwa akipita. Kosa kubwa. Kwetu, mgeni anayeketi hadharani na kalamu ni yule wa kuandikisha watu wapewe maturubai na maharage. Sikumaliza hata swali la kwanza, foleni ikawa imefika kwenye kona. Baba mmoja alikuja na watoto wa jirani yake ili familia ionekane kubwa, na wale watoto wakawa wanamwita jina lake badala ya baba.

Nilipoeleza kwamba mimi ni mwalimu tu, yule mama wa kwanza akanigeukia.

"Mwalimu? Ungesema mbele! Miye nimeacha mihogo yangu ku jua."

Wote wakacheka. Mimi nilikasirika, nikawakasirikia wao, kisha nikajikasirikia mwenyewe, mwisho nikacheka pia. Lakini yule mama hakuondoka mara moja. Alikuwa ameshika sufuria yenye kiraka kitakoni, akainyanyua nione.

"Maswali yako miye sijue. Lakini sufuria hii, nilikimbia nayo."

Akaanza kunieleza habari za sufuria. Alieleza mpaka dereva wangu akachoka kungoja, akaanza kupiga honi. Nilirudi Kasongo na karatasi tupu na furaha kubwa, maana sasa nilijua la kufanya.

Niliwaambia wanafunzi kila mmoja alete kitu cha nyumbani kilichopitia miaka ile, na mwenyewe akikataa, wasimlazimishe. Wakaleta. Msichana mmoja alileta kitenge kilichochakaa, ambacho mama yake na dada zake walikuwa wakikivaa kwa zamu kwenda mtoni. Mwingine alileta birika la kutawadhia la babu yake. Mwingine alileta chumvi ya majivu ndani ya jani. Nyanya yake alikuwa ameitengeneza upya ili tuionje, na tulipoionja tukakunja nyuso darasa zima. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimenyamaza.

Kisha msichana wa kitenge akanyoosha mkono.

"Na weye, Madamu, umeleta nini?"

"Wiki ijayo," nikajibu.

"Aaah, Madamu!" Jibu hilo mimi mwenyewe silikubali kutoka kwao hata siku moja.

Nyumbani tunaishi wawili, mimi na mama yangu. Hatuna kinu. Kila nyumba ya mtaa wetu ina kinu, ila yetu. Tangu utoto wangu mimi ndiye niliyepeleka majani ya muhogo kwa jirani yatwangwe, kisha narudi na sombe tayari kwa kupikwa. Majirani walitutania kwamba mama yangu ni bibi wa mjini. Yeye alisema mikono inamuuma, mikono ileile iliyokuwa ikilima tangu asubuhi.

Tulikuwa tunachambua majani hayo mchana nilipomuuliza.

"Mama, ulitoka mu pori na kintu gani?"

"Na weye."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kuchambua, na akasimulia akiwa anatazama majani. Huko nyuma ya Kabambare, watu waliojificha walikubaliana kwamba asitwange mtu yeyote, maana sauti ya kinu inafika mbali. Majani yalichemshwa hivyohivyo. Mimi, niliyekuwa nimeachishwa ziwa juzijuzi, niliyatema.

"Ulikuwa mwepesi sana. Nikikubeba ku mugongo, nilikuwa nageuka kuangalia kama ungali uko."

Siku moja mvua kubwa ikanyesha. Akaona mvua itaficha sauti, akaazima kinu, akatwanga kidogo. Mvua ikakatika kabla hajamaliza. Kabla ya giza wenye silaha walikuwa wamefika. Watu wakakimbia. Nyanya yangu, mama yake, hakuweza kukimbia.

"Pengine walikuwa wanakuja tu, hata bila kinu," akasema. "Sijue. Hakuna mutu alinisema. Lakini weye, siku ile ulikula yote."

Nililia. Yeye aliendelea kuchambua, kisha akanipa kona ya kitenge chake nijifute. Nikamwambia nitapeleka kitu kingine darasani, basi. Akanisogezea majani yaliyobaki.

Wiki iliyofuata alikuja shuleni mwenyewe, na kinu cha jirani kimefungwa nyuma ya baiskeli. Alisimulia kwa maneno machache. Kisha akatia majani, akanipa mchi mbele ya wanafunzi wangu.

"Twanga."

Sikuwa nimetwanga maishani mwangu. Walicheka jinsi nilivyoushika, na mwalimu wa darasa la pili alitoka kuona ni kelele za nini. Mama alikaa kwenye benchi la mbele, mikono magotini. Mapigo ya kwanza yalimshtua, nilimwona. Nikataka kuacha, akanikatalia kwa kichwa. Alisikiliza mpaka majani yakalainika.

Jioni aliipika sombe ile kwa mawese. Akanipakulia, yeye mwenyewe asijipakulie, akaketi kunitazama. Nikala yote.